Altare na Kituo cha Polisi

Nianze na msimamo wangu, msomaji asipate shida ya kuutafuta. Mimi ni Mkatoliki wa Mkuyuni, chini ya milima ya Uluguru, na ndoa ninayoijua kuwa sakramenti ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Sijaomba, wala sitaomba, padre wetu abariki ndoa ya watu wa jinsia moja. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba imani hiyo inanilazimu pia kutaka watu hao wafungwe, wapigwe, watolewe kwenye vyumba walivyopanga au waogope kwenda zahanati. Kanisa kukataa kumfungisha mtu ndoa ni jambo moja, na serikali kumfunga mtu huyo jela ni jambo jingine kabisa. Kati ya mambo hayo mawili kuna mpaka, na Wakristo wa Uluguru tumeuheshimu vizazi na vizazi kwa kila aina ya mtu ambaye nyumba yake haifanani na mafundisho ya Kanisa. Kwa kundi moja tu ndipo tumeamua kuuvuka, na mpaka sasa sijasikia sababu ya kutosha ya kufanya hivyo.

Tazama foleni ya komunyo Jumapili yoyote katika makanisa ya upande wetu, ukifuata barabara ya Bigwa kwenda Kisaki. Wanaoinuka ni watoto wenye komunyo ya kwanza, vijana wa kipaimara, wajane, na mabwana na mabibi ambao ndoa zao zimebarikiwa. Wanaobaki kwenye mabenchi si wachache, na baadhi yao ndio nguzo za jumuiya: mama anayefagia kanisa kila Jumamosi lakini bado anaishi kinyumba na baba wa watoto wake, bwana aliyeoa kanisani kisha akaweka bibi mdogo kijiji cha pili, binti aliyeolewa na Mwislamu kwa ndoa ya Kiislamu, mtu aliyeachana na mke wa ndoa akaanza maisha na mwingine. Wanageuza magoti pembeni ili wenzao wapite, wanaimba wimbo wa komunyo kwa sauti ileile, na kila mtu anajua kwa nini fulani hainuki. Lakini akiugua, jumuiya inamchangia. Akifiwa, wanawake wanafika na unga, ndizi na kuni kabla hawajaulizwa. Akiibiwa mkungu wa ndizi au gunia la pilipili manga, mwenyekiti wa kitongoji hamwombi cheti cha ndoa kabla ya kumsikiliza. Wala mtoto wake hapungukiwi ukoo, maana kwa Waluguru ukoo hupitia kwa mama, na mjomba ana lake la kusema hata pale padre asiposema neno. Ndivyo tulivyolelewa: kuwa nje ya sakramenti ni jambo zito, lakini halimtoi mtu nje ya kijiji.

Serikali nayo iliupitisha mpaka huohuo. Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969 ulipendekeza sheria moja ya ndoa kwa nchi yenye dini na makabila mengi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ikazitambua kwa pamoja ndoa za kidini, za kimila na za bomani, za mke mmoja na za mitala. Ikaongeza kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kuheshimika kama mume na mke wachukuliwe kuwa wameoana, hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Kwa macho ya Kanisa Katoliki, sehemu kubwa ya ndoa hizo si sakramenti. Kanisa likaendelea kufundisha mke mmoja, likaendelea kumzuia mwenye wake wawili asipokee komunyo, na likaishi na sheria hiyo kwa amani. Ndugu zetu Waanglikana wamepita njia ndefu zaidi. Mkutano wa maaskofu wao wa Lambeth mwaka 1888 ulikataa mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Mkutano wa mwaka 1988 uliruhusu abatizwe na kupata kipaimara pamoja na wake na watoto wake walioamini, mradi aahidi kutoongeza mke. Miaka 100 ya kubishana juu ya jambo linalogusa kitanda na maandiko, na katika miaka yote hiyo hoja ilikuwa kisima cha ubatizo na meza ya Bwana. Jela haikuwa sehemu ya mjadala.

Sasa weka pembeni yake kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu. Kinachoitwa kumwingilia mtu kinyume cha maumbile adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30, hata kama waliohusika ni watu wazima wawili walioridhiana. Sheria ya Ndoa yenyewe imeshasema katika kifungu cha 9 kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa hiyo hapa Tanzania hakuna ndoa ya jinsia moja ya kuizuia, na hakuna sheria inayopendekezwa ya kuileta. Anayesimama mimbarini kulaani ndoa hizo anapigana na kitu kisichokuwepo, na makofi anayopigiwa yanakwenda kuimarisha kitu kilichopo, yaani miaka 30. Swali lililo mezani kwa Mkristo wa Tanzania ni hili: mtu anayekosa mbele ya mafundisho ya Kanisa, bila kumdhulumu mwingine, astahili kuozea gerezani? Kwa mzinzi tumejibu hapana. Kwa mwenye mitala tumejibu hapana. Kwa wanaoishi kinyumba hatujawahi hata kuuliza.

Wala jibu la hapana si uasi dhidi ya Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika ukurasa uleule unaofundisha kwamba matendo ya mapenzi ya jinsia moja ni kosa, inaagiza kwamba watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima na huruma, na kwamba kila dalili ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao iepukwe. Desemba 2008, mbele ya Umoja wa Mataifa, Vatikani ilikataa kuunga mkono tamko lililoletwa na nchi nyingine, lakini katika maelezo yaleyale ikazihimiza nchi zifute adhabu za jinai kwa watu hao. Januari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alisema waziwazi kwamba kuwa hivyo si jinai, akatofautisha dhambi na kosa la jinai, na akasema maaskofu wanaounga mkono sheria za namna hiyo wanahitaji wongofu. Siku chache baadaye, akirudi kutoka Kongo na Sudan Kusini, alilirudia jambo hilo ndani ya ndege, na Askofu Mkuu wa Canterbury na kiongozi wa Kanisa la Scotland waliokuwa naye wakakubaliana naye. Azimio la Lambeth la mwaka 1998, ambalo Waanglikana wengi wa Afrika wanalishika kama ngao, lina pande mbili vilevile: linakataa ndoa na matendo hayo, na linawaagiza waumini wawasikilize watu hao na kulaani chuki dhidi yao. Sisi tumekariri upande mmoja, na upande wa pili tumeuacha kabatini.

Hoja ya kwanza ninayokutana nayo ni ya mlango: ukiufungua kidogo leo, kesho watataka wote waingie. Ukifuta kifungo, watadai harusi. Hofu hii inaweza kupimwa kwa majirani zetu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwa na sheria ya kumfunga mtu kwa mapenzi ya jinsia moja ya watu wazima walioridhiana, na katiba yake ya mwaka 2006 inasema mtu ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia nyingine. Rwanda haina kifungo hicho pia, na katiba yake inatambua ndoa ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu. Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, ilifuta adhabu ya kikoloni katika kanuni iliyoanza kutumika mwaka 2015, na hadi leo haina ndoa hizo. Huko Botswana mahakama ilifuta adhabu mwaka 2019, rufaa ya serikali ikashindwa mwaka 2021, na ndoa hazikufuata. Kumbuka pia ni nani aliyeongoza Afrika kukataa baraka za wapenzi wa jinsia moja baada ya waraka wa Vatikani wa Desemba 2023 ulioziruhusu. Ni Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, aliyetia saini tamko la maaskofu wa Afrika Januari 2024. Altare yake aliilinda kwa nguvu zote, katika nchi isiyohitaji gereza ili kumsaidia kuilinda.

Na tuseme mlango ukafunguka wote, kama Afrika Kusini ilivyofanya kwa sheria ya Novemba 2006. Je, makanisa yalilazimishwa? Mchungaji Mpho Tutu, binti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu, alifunga ndoa na mwanamke mwishoni mwa mwaka 2015, halali kabisa kwa sheria ya nchi. Kanisa la Anglikana la kwao halikuitambua, na mwaka 2016 ikabidi arudishe leseni ya uchungaji. Jina la baba yake, mtu aliyeheshimiwa dunia nzima, halikutosha kuisukuma altare hata inchi moja. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu mkataba wa bomani, sitetemeki. Ndoa ya mitala ya jirani yangu, inayotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, haijaipunguzia ndoa ya Kanisa neema yake hata kidogo. Siku Watanzania wakitaka kujadili mkataba mwingine wa kiraia, wajadiliane kama raia. Lakini kumjadilia mtu harusi wakati anatishiwa miaka 30 ni kulikimbia swali.

Hoja ya pili ni ya utamaduni: haya ni mambo ya Wazungu. Naiheshimu hoja hii, kwa sababu ndani yake kuna jeraha la kweli. Desemba 2006 maaskofu wa Kanisa Anglikana Tanzania walitangaza kwamba ushirika wao na Kanisa la Episkopo la Marekani umeharibika vibaya, na kwamba fedha za upande huo hawazitaki. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilisema yanayofanana na hayo katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, baada ya Walutheri wa Sweden kukubali kufungisha ndoa za jinsia moja. Kanisa maskini linapomwambia tajiri abaki na fedha zake, hapo pana heshima. Lakini kama tunachambua kilichotoka nje, tuchambue vyote. Kifungu cha kinyume cha maumbile kililetwa na Waingereza, wakitumia wino uleule India, Kenya, Uganda na Tanganyika. Wazee wa Uluguru hawakuwa na gereza la jambo lolote. Makosa yaliamuliwa na ukoo kwa faini, kwa maonyo na kwa watani wasioogopa kusema. Sidai kwamba walilibariki jambo hili. Nasema miaka 30 ya jela si mila yetu. Tena Waingereza wenyewe walikwishaiacha sheria hiyo kwao mwaka 1967, na miongoni mwa waliowashauri hivyo miaka ya 1950 walikuwamo Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, na kamati ya Kikatoliki iliyoteuliwa na Kardinali Griffin. Wale waliotufundisha kuwafunga watu walisikia Wakristo wao wakisema dhambi si lazima iwe jinai. Sisi tulibaki na kufuli lao. Hata moto wa Uganda dhidi ya wapenzi wa jinsia moja ulikuwa na kuni za kigeni: Machi 2009 mhubiri Mmarekani, Scott Lively, alikuwa Kampala akifundisha juu ya hatari ya watu hao, na muswada wa kwanza dhidi yao ukafika bungeni mwaka huohuo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: watoto. Hakuna mzazi asiyeogopa kusikia mtoto amelawitiwa, na anayemfanyia mtoto hivyo astahili adhabu kali, awe mwanamume kwa mvulana au mwanamume kwa msichana. Hapo sina mjadala. Lakini utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na mara nyingi na watu waliowafahamu. Hatari hiyo inakaa nyumbani, njiani kwenda shule, kwa jirani na kwa ndugu. Tunapoichanganya na watu wazima wawili walioridhiana tunamfanya mlawiti wa mtoto ajifiche nyuma ya kelele, na mvulana aliyeumizwa aogope kusema asije akaitwa shoga. Kuna kipimo kingine cha uchungu wetu juu ya watoto. Sheria ya Ndoa iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi wake Oktoba 2019 na kuagiza sheria irekebishwe. Mwaka mmoja uliotolewa ukaisha, na mingine ikafuata, sheria ikiwa vilevile. Kama ghadhabu yetu kuhusu ndoa ingefuata ukubwa wa madhara kwa watoto, mahubiri mangapi yangekuwa yameshasikika kuhusu binti huyo wa miaka 15?

Hoja ya nne ni ya maandiko, na Mkristo hawezi kuiruka. Walawi 20 inataka kifo kwa wanaume wanaolala pamoja. Inataka kifo pia, mistari mitatu kabla, kwa mzinzi na mwenzake. Anayetaka kuutumia mstari wa 13 kama sheria ya nchi atuambie ataufanyia nini mstari wa 10, na vijijini kwetu watabaki watu wangapi. Yesu aliletewa kesi ya mstari wa 10 ikiwa na ushahidi kamili, akaivunja bila kuiita dhambi jina jingine: alimwambia mwanamke aende asitende dhambi tena, lakini kwanza aliwaondoa wenye mawe. Utaratibu huo, kuondoa mawe kwanza na maonyo baadaye, ndio tunaougeuza. Paulo naye, anayetajwa sana kwa orodha yake ya 1 Wakorintho 6, ambamo wamo pia walevi, wachoyo na wanyang'anyi, alikuwa ametoka kuwaambia Wakorintho hao katika sura ya 5 kwamba kazi ya Kanisa ni kuwahukumu walio ndani, na walio nje ni wa Mungu. Kanisa lina adhabu zake: kuonya, kuzuia sakramenti, kumtenga mtu na kumpokea tena. Zote zinalenga kumrudisha. Kifungo cha maisha hakilengi kumrudisha mtu popote.

Hapo ndipo sheria hii inapoliumiza Kanisa lenyewe. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwaita wananchi wampelekee majina ya watu wanaodhaniwa kuwa mashoga. Siku chache baadaye serikali ilitangaza kwamba hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Uganda ilikwenda mbali zaidi: sheria ya mwaka 2023 iliweka hata hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa na kumlazimu raia kutoa taarifa, sharti ambalo Mahakama ya Katiba ililifuta Aprili 2024 huku ikiacha sehemu kubwa ya sheria ikisimama. Mahali ambapo jirani anaweza kulipeleka jina lako, nani ataliambia Kanisa ukweli wa maisha yake? Nani atamsogelea padre au katekista kuomba ushauri? Mwaka 2017 serikali ilisitisha huduma za virusi vya Ukimwi katika vituo vilivyokuwa vikiwafikia watu hao. Anayejificha muuguzi anabaki na ugonjwa, na kama ameoa ili kuficha, mkewe anaubeba pia. Kwa maneno mengine, hata anayetaka mtu huyo aache na aongoke amemfungia mlango wa pekee wa kuingilia.

Watu husema usawa ni neno la balozi za Ulaya. Kwa Mkatoliki wa Morogoro neno hilo lilikuwa nyumbani kabla ya balozi. Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868 kwa watumwa waliokombolewa, watoto kwa watu wazima, ambao soko la Unguja liliwahesabu kama mali. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliwafungisha ndoa, wakawapa nyumba na shamba, kisha familia hizo zikawa mbegu ya misheni za bara, Mhonda mwaka 1877 na hatimaye Morogoro. Maisha ya misheni yalikuwa na ukali wake, lakini jambo la kwanza lililohubiriwa kwa vitendo katika nchi hii ni kwamba mtu ni mtu hata pale sheria ya mwenye nguvu inaposema vingine. Heshima hiyo haikusubiri mtu athibitishe kwanza kwamba anaishi vizuri.

Basi ninachokiomba hakigusi hata kitambaa cha altare. Padre na katekista waseme wazi kwamba kumpiga mtu, kumtisha kwa jina lake au kumtoa kwenye nyumba kwa sababu ya mapenzi ya jinsia moja ni dhambi ya kuungama, kama wizi ulivyo dhambi. Maaskofu, waliosikia mara kwa mara maelekezo ya Roma, waliambie Bunge litenganishe mambo mawili: ulawiti wa watoto na ubakaji vibaki na adhabu kali, na mambo ya watu wazima walioridhiana yaondolewe jinai. Na jumuiya ndogondogo zimhesabu mtu wa namna hii kama zinavyomhesabu mwenye bibi mdogo: mtu wa kutembelewa, kuchangiwa na kuzikwa na wenzake. Asiyeweza kukubali hata hilo la mwisho asidai kwamba anailinda ndoa, kwa sababu hakuna ndoa ya mtu yeyote hapa Mkuyuni inayosimama kwa kumnyima mwingine mazishi.